ABS kwenye moto: tulipe ao tuache?

Siku depo zinalipa wachimbaji, maduka ya moto ya Kolwezi yanajaa mpaka inje. Kijana anatoka shimoni na mavumbi bado ndani ya masikio, franga iko mufukoni, na anajua tayari rangi anayotaka. Hatumcheki. Kwa mchimbaji moto si raha tu. Shimo linaweza kufungwa kesho, minerai inaweza kushuka bei juma lijalo, lakini moto ikipewa manseba muzuri inaleta kitu ku nyumba kila jioni.

Hivi karibuni tulikuwa ndani ya duka moja ya namna hiyo. Tulienda paka kuuliza bei ya pine. Mbele yetu kulikuwa bibi na bwana. Bwana ni mchimbaji, mama anauzisha unga sokoni, na mama njo alikuwa na pesa, imefungwa ndani ya kitenge: zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika. Muuzaji aliwatolea moto mbili. Zilifanana kama mapacha, ila moja ilikuwa na herufi tatu nyekundu pembeni ya gurudumu la mbele: ABS. Na juu ya herufi hizo tatu, bei iliongezeka kwa mamia ya dola.

Bwana alitaka ile ya herufi nyekundu. Mama akauliza swali moja tu: hii ABS inafanya kazi gani? Muuzaji akajibu kwamba inakataza moto kuanguka.

Tulinyamaza, lakini mama alitugeukia, juu alikuwa amesikia kama tunaandika mu gazeti. Ninyi watu wa kalamu, ni kweli? Tukamwambia si kweli kabisa, na si uongo kabisa. Jibu la namna hiyo halimusaidii mutu aliyebeba pesa ya mwaka muzima ndani ya kitenge. Tulimuomba siku chache. Tulizunguka kwa mamekanisye, kwa bamanseba, na tukasoma yale watu wa inje wamekwisha kupima. Haya njo tuliyoyapata.

Gurudumu likikataa kuzunguka

Tuanze na aibu yetu wenyewe. Mmoja wetu alianguka kwenye barabara ya Likasi, siku ya mvua ya kwanza ya mwezi wa 11. Wale wanaokaa huku wanajua mvua ya kwanza: haijasafisha gudroni, imelowanisha tu mavumbi ya miezi sita pamoja na mafuta ya kamiyo, na barabara inakuwa kama sahani yenye sabuni. Mbuzi ilivuka. Mwenzetu alishika freni ya mbele kwa vidole vyote, kwa mara moja. Hakukumbuka kitu kingine ila mulio wa chuma kwenye gudroni. Bega liliuma miezi mitatu. Mbuzi haikupata kitu.

Wengi watasema: muliona, freni ya mbele inaua. Hiyo njo maneno tuliyosikia kwa karibu kila manseba tuliyeuliza. Baba yake alimwambia, ao yaya yake alimwambia: usiguse ya mbele, tumia ya muguu. Kwa hiyo wanatembea miaka na freni moja, ile ya nyuma, na ile ya mbele inabaki kama pambo.

Sasa tuangalie vizuri kilichomuangusha mwenzetu. Gurudumu linalozunguka linashika barabara. Gurudumu lililofungwa kabisa, lisilozunguka tena, linateleza tu, sawa beleshi juu ya bati yenye maji. Na likiteleza, haligeuki tena kufuata usukani. Kwenye motokari yenye magurudumu ine, unaweza kuteleza na ukabaki umekaa. Kwenye moto, gurudumu la mbele likifungwa wakati iko mu mwendo, unakuwa chini mbele hujasema hata jina la Mungu. Kosa la mwenzetu si kutumia freni ya mbele. Kosa lilikuwa kuifunga kwa ghafula mpaka gurudumu likakataa kuzunguka.

ABS inafanya kazi fasi hiyo tu. Karibu na gurudumu kuna pete ya chuma yenye meno ao matundu, na kifaa kidogo chenye kusoma namna pete hiyo inazunguka. Kikiona gurudumu linataka kusimama mbele ya moto yenyewe kusimama, kinaambia kisanduku chenye vifunguo vya mafuta ya freni: legeza kidogo. Gurudumu linazunguka tena. Kaza. Legeza. Kaza. Mara nyingi ndani ya sekunde moja, kupita vile kidole cha mutu yeyote kinaweza. Wewe unaendelea kushika mukono na nguvu zote, unasikia tu freni inatetemeka chini ya vidole. Moto inapunguza mwendo, na usukani unabaki wako.

Haikatazi moto kuanguka, basi. Inakataza gurudumu kufungwa, na hilo ni moja tu kati ya mambo mingi yenye kuangusha moto. Ukiingia mu viraje na mwendo mingi, moto imelala pembeni, ABS ya kawaida haitakuokoa. Shimo la barabara pia haliioni. Na manseba aliyekunywa anabaki vile vile aliyekunywa.

Mita 23 ao mita 46

Tulikaa na karatasi na tukapiga hesabu, juu mutu wa mine anaamini mita kuliko maneno.

Moto inatembea km 60 kwa saa kwenye gudroni kavu. Hiyo ni karibu mita 17 kila sekunde. Mutu anaona hatari, akili inachukua kama sekunde moja mbele mukono haujafika ku freni: mita 17 zimekwisha kwenda bure, kwa kila mutu, ABS ao hapana. Kisha freni inaanza. Anayetumia ya mbele na ya nyuma pamoja, vizuri, anaweza kusimama ndani ya mita karibu 23. Anayetumia ya nyuma peke yake anahitaji karibu mara mbili, mita 46. Na hapa njo tulisimamisha kalamu: fasi yule wa kwanza amekwisha kusimama, yule wa pili bado anatembea zaidi ya km 40 kwa saa. Akiwa nyuma ya semi-remorque iliyosimama bila taa, tunajua mwisho wake.

Sababu yake kila mutu anaweza kuisikia mu mwili. Ukifunga freni, uzito wote unakimbilia mbele, ndiyo maana mama aliyekaa nyuma anakusukuma mugongo. Gurudumu la mbele linakandamizwa chini na linapata nguvu ya kushika barabara. La nyuma linakuwa jepesi, halishiki kitu. Kwa hiyo wale wanaoogopa freni ya mbele wametupa sehemu kubwa ya freni yao, na wanalipia kila siku bila kujua.

Kwa mawazo yetu, hii njo faida kubwa ya ABS, na mara chache muuzaji anaisema. Faida yake ya kwanza ni kuondoa woga. Mutu mwenye kujua kwamba gurudumu la mbele halitafungwa, anashika na nguvu siku ya hatari. Asiyekuwa nayo anashika nusu, ao hashiki kabisa.

Ku Marekani kuna taasisi moja ya makampuni ya asiranse, IIHS, yenye kuhesabu ajali kwa miaka mingi. Walilinganisha moto za aina moja, zenye ABS na zisizokuwa nayo, na wakaona zenye ABS zinapata ajali za kifo pungufu kwa zaidi ya moja ya tano. Si kitu kidogo. Lakini tusisahau: ni moto kubwa, kwenye gudroni nzuri, mutu mmoja juu yake. Si 125 yenye watu batatu na mufuko wa minerai katikati.

Kutoka Ujerumani mpaka India, na sisi nyuma

ABS ya moto si kitu cha jana. Kampuni ya BMW ya Ujerumani iliiweka kwenye moto za kuuzishwa watu wote mwaka 1988. Kifaa cha kwanza kilikuwa na uzito wa kilo karibu 11, kama mutoto wa mwaka mmoja. Leo kisanduku hicho hakifiki kilo moja. Ndiyo maana kimeweza kuingia hata kwenye moto ndogo.

Ku Ulaya, tangu 2016 kwa moto za aina mpya na 2017 kwa moto zote mpya, kila moto iliyopita cc 125 lazima iwe na ABS. India, inchi yenye kutengeneza moto mingi za huku kwetu, ilifuata: tangu mwezi wa 4 wa 2018 kwa aina mpya, na mwezi wa 4 wa 2019 kwa zote. Huko pia sheria ilihusu moto zenye kupita cc 125. Zile za 125 kurudi chini zilipewa kitu kingine, rahisi zaidi: freni zilizounganishwa. Ukikanyaga ya nyuma, ya mbele nayo inavutwa kidogo. Inaitwa CBS.

Hapa kuna mutego. CBS inasaidia, hatusemi kinyume, zaidi kwa mutu mwenye kuogopa freni ya mbele. Lakini haisomi gurudumu, hailegezi kitu, gurudumu linaweza kufungwa vile vile. Na kuna watengenezaji wa India waliopatia CBS yao jina lenye kusema inazuia moto kuteleza. Jina kama hilo likifika hapa kwetu, mutu akibandika herufi tatu juu yake, nani atajua?

Tulirudia kwenye lile duka na mekanisye mmoja muzee, fundi wa moto tangu zile za miguruko miwili zenye kuvuta moshi. Muzee hakuangalia herufi nyekundu hata kidogo. Aliinama, akaangalia gurudumu la mbele. Freni ya diski, ndiyo. Pete ya meno? Hakuna. Waya yenye kushuka kutoka gurudumu? Hakuna. Akaomba ufunguo, akawasha bila kulanza mota, akaangalia fasi ya taa: hakuna taa ya ABS. Akanyooka polepole juu ya mugongo, akasema herufi zile ni rangi tu.

Tunaandika yale aliyoyafanya juu kila mutu anaweza kuyafanya. Freni ya mbele ikiwa ya tamburi, yenye kuvutwa na kamba ya chuma, sahau: ABS inahitaji mafuta ya freni, haivuti kamba. Ikiwa ya diski, tafuta pete ndogo pembeni ya diski na waya yake. Kisha washa ufunguo: moto yenye ABS ya kweli inawasha taa ndogo yenye herufi hizo, na taa inazimika ukishatembea kidogo. Isipowaka kabisa, ao ikibaki inawaka njia nzima, uliza maswali. Na ujue pia kwamba moto mingi ndogo za India zenye ABS zina ile ya gurudumu la mbele peke yake. Si uwizi. La mbele njo lenye kuangusha.

Muuzaji, tuseme haki, hakukasirika. Alisema yeye pia alinunua vile, na alishusha bei mbele yetu. Herufi alizibakisha.

Barabara zetu

Tungekuwa tunaandikia watu wa Paris, tungesimama hapa: ABS ya kweli ni nzuri, lipa. Lakini wasomaji wetu wanatoka Kapata, Luilu, Kasulo, Fungurume, Kakanda, na barabara yao ya kila siku si gudroni tu. Kuna udongo mwekundu, kuna changarawe, kuna mavumbi ya kufika kwenye mukono wa gurudumu, na mu masika kuna potopoto.

Kwenye changarawe na udongo laini, mambo yanageuka kidogo. Gurudumu lililofungwa huko linajichimbia, linakusanya udongo mbele yake kama beleshi, na udongo huo unasaidia kusimamisha. ABS inakataza gurudumu kufungwa, kwa hiyo inakataza pia kujichimbia, na moto inaweza kwenda mbali zaidi mbele ya kusimama. Ndiyo sababu moto kubwa za safari za porini zina kifungo cha kuzima ABS, mara nyingi ile ya nyuma. Moto ndogo hazina kifungo hicho. Manseba mmoja aliyeendesha ya namna hiyo alituambia kwamba kwenye mushuko wa udongo aliona kama freni imemukataa: anashika, inatetemeka, moto inaendelea kushuka. Aliogopa sana siku ile. Lakini alipoulizwa kama aliwahi kuanguka na moto hiyo juu ya freni, alifikiri, akasema hapana.

Jambo hilo mutu alipime mwenyewe. Kwenye udongo ABS inaweza kukuongezea mita. Lakini gurudumu la mbele likifungwa kwenye udongo, unaanguka haraka kuliko kwenye gudroni. Kwa mwendo wa km 25 ao 30, mita chache si kitu kikubwa. Kwa km 70 kwenye gudroni kati ya Likasi na Kolwezi, katikati ya kamiyo za kathodi na kamiyo za asidi, kufungwa kwa gurudumu ni kifo.

Kuna pia fasi mbaya kuliko zote mbili: gudroni iliyopakwa udongo. Kamiyo inatoka kwenye kariere na potopoto ndani ya magurudumu, inaiangusha barabarani pale inapoingia kwenye njia kubwa, mvua kidogo inanyesha, basi. Gudroni inaonekana, mutu anatembea mwendo wa gudroni, lakini pine iko juu ya sabuni. Tuliuliza bamanseba ni wapi wanaanguka zaidi, na wengi walitaja fasi za namna hiyo, kila mmoja na mulango wake wa mine. Kama kuna fasi ABS ilitengenezewa, njo ile.

Mzigo nao. Mifuko miwili ya minerai nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unaelea. Hapo freni ya nyuma inapata kazi zaidi kuliko tulivyosema juu, lakini kilo zote zile lazima zisimamishwe, na freni ya tamburi kwenye mushuko murefu inapata moto mpaka inachoka na haishiki tena. ABS haipunguzi hata kilo moja. Tumeona moto yenye mifuko mitatu na mutu juu ya mifuko. Kwa huyo hatuna ushauri wa freni.

Nani ataitengeneza?

Mekanisye muzee alikuwa na wasiwasi mwingine, na ni wasiwasi wa haki. Freni ya tamburi, kijana yeyote chini ya muti wa maembe anaifungua na ufunguo mbili. Garnitiri inapatikana kila soko, bei yake haifiki ya kuku. ABS haikubali mambo hayo.

Kifaa chenye kusoma pete kinakaa milimita chache tu kutoka pete. Potopoto ikikauka pale, ao mutu akitoa pine kando ya barabara na vyuma virefu na akapinda pete, taa inawaka na ABS inalala. Jambo la kutia moyo: ikilala, freni ya kawaida inabaki. Hutakosa freni, unakosa tu ule musaidizi. Betri ikikufa, ni vile vile. Lakini mutu aliyezoea kushika na nguvu zote, siku musaidizi amelala bila yeye kujua, atafanya kama mwenzetu na mbuzi. Kwa hiyo taa ile si ya kufunika na karatasi ya gundi. Tumeona moto moja, waya ya taa imekatwa juu ilikuwa inamsumbua mwenye moto usiku.

Mafuta ya freni yanakunywa maji ya hewa polepole, na watengenezaji wengi wanaomba yabadilishwe kila miaka miwili. Huku watu wanaongeza tu yakipungua, na wengine wanaongeza chochote chenye rangi ya mafuta. Kwa tamburi hakuna shida, juu hakuna mafuta. Kwa ABS ni njia ya kuharibu kisanduku, na kisanduku njo kitu cha bei kubwa kuliko vyote. Mbele ya kulipa, uliza muuzaji fasi moja: kisanduku na kifaa cha kusoma, vinapatikana wapi, Lubumbashi ao hakuna? Akijibu tutaagiza, hesabu miezi.

Na tuseme kitu kuhusu kaske, hata kama hatukuulizwa. Watu wa utafiti waliokusanya hesabu za inchi mingi walipata kwamba kaske ya moto inapunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Linganisha na ile moja ya tano ya ABS, kisha linganisha bei. Wasomaji wetu wanapenda kuvaa kaske ya kazi juu ya moto, ile ya plastiki ya kariere. Bandugu, ile ilitengenezwa juu ya jiwe lenye kuanguka kutoka juu. Haikushikwa chini ya kidevu, na ikigonga gudroni kwa pembeni imekwisha kuruka tayari. Tunajua ni ya bure, mine inaipana. Bado si kaske ya moto.

Jibu kwa mama wa kitenge

Tulimukuta sokoni, nyuma ya beseni ya unga, na tulimwambia hivi. Mama, ile ya herufi nyekundu si ABS, usiongeze hata franga moja juu ya rangi. Kama mutapata ya kweli, na moto itafanya kazi kwenye njia kubwa, Likasi na Kolwezi, mwendo wa 60 na 70, kati ya kamiyo, sisi tungelipa. Tungelipa hata kama inatuumiza, juu mutu akiingia chini ya semi-remorque hakuna tena moto, hakuna tena likelemba. Lakini kama moto itabaki kati ya mutaa na kariere, udongo na mashimo, 30 kwa saa, pesa ile ya mamia ya dola ina kazi nzuri zaidi: pine mbili mpya za mpira muzuri, kaske mbili, moja ya abiria, garnitiri kila inapoisha, na kitu kinabaki cha kununua mafuta ya kupika.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu ambacho sisi wote, na muzee pamoja, hatukuuliza: na nani ataiendesha?

Si bwana. Bwana anabaki shimoni. Ni mudogo wa bwana, kijana wa miaka 19, amejifunza moto mwaka jana kwa rafiki yake. Tukamuuliza kijana, alikuwa pale anabeba mifuko: freni ya mbele, unaitumiaka? Akacheka. Ile, hapana, inaangusha.

Basi walinunua ile nyingine, ya tamburi, bila herufi. Pesa iliyobaki mama alitoa kaske mbili na akazijaribu kichwani mwake mwenyewe, moja kubwa moja ndogo, mbele ya watu wote wa duka. Na kijana aliambiwa kwamba hatabeba abiria hata mmoja mbele hajajifunza freni.

Siku ya Mungu asubuhi, saa barabara haina kamiyo, muzee mekanisye alimupeleka kwenye kipande cha gudroni kilichonyooka. Tulienda kuangalia. Alimuanzisha kwa mwendo wa mutu anayekimbia, vidole viwili tu juu ya freni ya mbele, na alimuomba aifinye kama mutu anafinya embe kujua kama limeiva: polepole kwanza, kisha kwa nguvu, uzito ukiisha kufika mbele. Hapana kurukia. Mara ya kwanza kijana alishika ya muguu peke yake, juu ya woga, na gurudumu la nyuma likachora mustari mweusi murefu. Mama, aliyekuja na mutoto mugongoni, alipima mustari kwa hatua zake. Hatua 14.

Ya pili, 13. Ya tatu alishika ya mbele kidogo, pua ya moto ikainama, kijana akaachilia kwa hofu. Muzee hakupiga kelele. Akamurudisha mwanzo. Tulipoondoka, jua lilikuwa limepanda na kamiyo ya kwanza ilikuwa inasikika kwa mbali. Mama alikuwa amefika hatua 8, na alikuwa anamuambia shemeji yake arudie tena.